Pipa la mboji nililonunua Tanga: pipa chukua, dawa waachie wenyewe

Nianze na jibu kabisa, pipa lenyewe nimelipenda ila hiyo dawa ya kuozesha wanayokubandikia pamoja nalo sioni kazi yake. Mimi nakaa Makorora, uani kwetu ni mchanga tupu, ukimwagilia asubuhi mchana pashakauka, mchicha unatoka mwembamba kama uzi, ndo nikaona nijaribu mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza.

Pipa ni lile la bluu la lita 120, plastiki nzito, lina mfuniko wa kukaza na koki kwa chini. Tulivutana bei mpaka 45,000. Sasa shida yake matundu wametoboa chini tu, pembeni hamna kitu, na taka zikikosa hewa zinanuka balaa, nikaweka msumari kwenye jiko la mkaa ukaiva nikalizunguka pipa zima natoboa. Koki nayo ndani haina wavu, machicha ya nazi yakaziba, mpaka nilipochokoa na chelewa ndo maji meusi yakaanza kuchuruzika. Fundi angeweka kipande cha chandarua tu yangeisha hayo.

Dawa ni kachupa ka maji ya kahawia, 10,000, eti bila hiyo hakiozi kitu. Jamani, vidudu vya kuozesha si viko kwenye udongo tu? Mara ya kwanza nilitia dawa, mara ya pili nikatia samadi ya mbuzi konzi mbili, sijaona tofauti. Kinachofanya kazi ni mchanganyo: ndoo moja ya mabichi, maganda ya ndizi na muhogo, kwa ndoo mbili tatu za makavu, majani ya muarobaini, maboksi ya kuchana, maranda ya seremala. Ukiliminya tonge liwe na unyevu ila maji yasitiririke. Matumbo ya samaki usithubutu, paka wa mtaa mzima watahamia kwako, na makumbi ya nazi utayakuta vilevile.

Kingine, pipa dogo halipati joto kali kama lundo kubwa la chini, mbegu hazifi, hivi navyoandika bustani ya bamia imejaa miche ya nyanya na mipapai ambayo sikuipanda (mipapai nimeiacha lol).

Pipa nalipatia nyota nne. Kama una uwanja mkubwa usinunue, rundika chini ufunike na makuti. Usafiri juu yako, langu lilikuja na guta.