Makovu Moyoni: diwani ya wanawake wa Vita Vikuu vya Kwanza

Diwani ya Scars Upon My Heart, iliyohaririwa na Catherine Reilly na kutolewa na shirika la uchapishaji la Virago mwaka 1981, ina washairi 79, wote wanawake wa vita vya 1914 hadi 1918. Mwalimu au mpenzi wa tungo Unguja na Pemba ainunue, ila asianzie ukurasa wa kwanza. Imepangwa kwa alfabeti ya majina ya watungaji, hivyo tungo za kuwahimiza vijana waende vitani zimekaa pamoja na maombolezo, na msomaji haoni miaka ilivyowabadilisha wanawake hawa. Pangeni upya kwa tarehe.

Liwe la mwanzo "The Falling Leaves" la Margaret Postgate Cole, la Novemba 1915. Mistari 12, sentensi moja. Vina vyake vinakutana kwa mbali: mstari wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tano, wa tatu na wa sita. Anayetua kila mwisho wa mstari analivunja. Pumzi iachiwe ipite. Majani yanaanguka pasipo upepo, kama theluji, mfano wa vijana waliouawa vitani, na humo ndimo uchungu ulimo, kwa kuwa vijana hawa hawakuondolewa na uzee wala maradhi. Mwanafunzi wa Chake Chake asiyeijua theluji aoneshwe mkungu unavyopukutisha majani mekundu siku ya shwari.

Jina la kitabu limetoka katika "To My Brother" la Vera Brittain. Kaka yake, Edward, alijeruhiwa katika mapigano ya Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916. Dada yake alilitunga shairi Juni 1918, na siku nne baadaye, tarehe 15, Edward akauawa Italia. Kulisomesha kama ombolezo ni kosa. Ni dua ya dada kwa kaka aliye hai, aishi hadi vita viishe.

Mfasiri atakwama kwenye neno la kujitolea, "sacrifice". Kafara hutolewa ili balaa liondoke, na anayeitoa siye anayechinjwa. Kujitoa mhanga ni hiari ya mwenye roho yake. Humu yamo yote mawili, wakati mwingine ndani ya ubeti mmoja, kwa hiyo neno moja halitoshi kitabu kizima.

Kinachouma ni kwamba hamna mke wa mpagazi wala mama wa askari wa Kiafrika, ilhali vita hivi vilifika hadi bandarini Unguja: manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus tarehe 20 Septemba 1914, na baadhi ya mabaharia wa Pegasus waliouawa wamezikwa kisiwani Chapwani.