Oili ya T-IV, filta na gasketi ya sampu: seti ya gia boksi ya IST ukiifunga mwenyewe nyumbani

Ukiingia maduka ya spea ya Shaurimoyo au Gerezani, Dar es Salaam, ukasema unataka kubadilisha oili ya gia boksi ya otomatiki ya Toyota IST, muuzaji mzoefu atakuwekea mezani vitu vitatu: kopo la lita 4 la Toyota ATF T-IV (oili ya gia boksi ya otomatiki), filta, na gasketi ya sampu, yaani ya bakuli la oili lililo chini ya gia boksi. Kwa IST ya kwanza, ile yenye injini ya 2NZ au 1NZ na gia boksi ya U340E, vinatosha. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani kwa nusu siku, mradi gari lisimame kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Oili tunaipa alama zote, gasketi ya asili vilevile. Filta za kuiga ndizo zinazotaka macho.

Kabla hujatoa hela, chomoa stiki ya oili ya gia boksi. Toyota huandika kwenye stiki aina ya oili inayotakiwa, na kwa IST hii utasoma T-IV. Kibao cha utambulisho wa gari nacho kinataja gia boksi iliyofungwa. Hatua hii isirukwe, kwa sababu IST nyingi zilizotoka kuanzia 2007 zinatumia CVT, gia boksi ya mkanda na puli, na CVT ina oili yake. Ukiitilia T-IV, mkanda wa chuma utateleza juu ya puli na gia boksi itaharibika. Usimwamini mtu anayekuambia oili zote nyekundu ni moja. T-IV ni nyekundu, WS (oili nyingine ya Toyota ya gia boksi za otomatiki) ni nyekundu, na oili nyingi za usukani ni nyekundu pia. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota yenyewe hairuhusu kubadilishana ovyo.

Kopo la asili ni la bati. Kagua kifuniko na lakiri yake ya ndani: iwe haijaguswa, na bati lisiwe na dalili ya kufunguliwa kisha kufungwa upya. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa hatuipendekezi kwa gia boksi hata kidogo. Injini inaweza kuvumilia oili ya wastani kwa muda. Klachi za ndani ya gia boksi ya otomatiki haziwezi, kwa kuwa zinakamata au kuteleza kutegemea viungo vya oili yenyewe. Kama T-IV imekosekana, Aisin AFW+ ni mbadala mzuri: Aisin ni watengenezaji wa gia boksi, na wameitaja oili hiyo kuwa inafaa kwa magari ya T-IV na ya WS.

Sasa kazi. Endesha gari dakika kumi hivi oili ipate uvuguvugu, halafu liache nusu saa ili isikuunguze. Linyanyue na uliweke juu ya stendi nne, likiwa limelala sawa mbele na nyuma. Jeki peke yake si ya kulala chini yake.

Hapa pana kosa linaloua gia boksi nzima. Nati ya kumwagia oili ya injini ni boliti ya kawaida ya spana namba 14. Ya gia boksi ina tundu la pembe sita, la ufunguo wa namba 10. Anayezichanganya humwaga oili ya gia boksi, akarudi juu kutia oili mpya kwenye injini ambayo ya zamani bado imo. Injini inajaa kupita kiasi, gia boksi inabaki kavu, na gari linakufa njiani kabla hajafika mbali. Oili ikitoka nyekundu au kahawia yenye wekundu, upo mahali pake.

Pokea oili kwenye beseni safi, kisha ihamishie kwenye chupa tupu za maji za lita 1.5. Chupa hizo ndizo kipimo chako: kwenye U340E zitajaa karibu mbili. Inayobaki, ambayo ni zaidi ya nusu, imekaa kwenye konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi), valvu bodi (sehemu ya valvu zinazoelekeza oili) na mabomba ya kupoozea, na haitoki kwa kumwaga.

Fungua boliti za sampu kwa soketi namba 10. Acha mbili za upande mmoja zikiwa zimelegea tu, ili sampu iiname na kumwaga oili iliyobaki bila kukumwagikia usoni. Ikiganda, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kati ya sampu na gia boksi, maana mwili wa gia boksi ni wa alumini na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha.

Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo za duara. Zishike na uzitazame kwenye mwanga. Zikiwa zimevaa tope la kijivu, laini kama kiwi ya viatu, ambalo ukilisugua kwa vidole halikwaruzi, hiyo ni kazi ya kawaida ya kilomita nyingi. Vipande vinavyochoma kidole, nyuzi za chuma au chembe za rangi ya shaba vinaonyesha kuna beringi au bushi inayokwisha, na seti hii haitairudisha. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha klachi zimeshaliwa. Oili ya rangi ya maziwa ya stroberi imeingiliwa na maji kutoka kwenye rejeta, ambamo bomba la kupoozea oili ya gia limetoboka. Kwa Dar hilo si jambo la ajabu, kwa kuwa watu wengi hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Ukiona hivyo, badilisha rejeta kwanza. Ukitia oili mpya kabla ya hapo, unaipoteza.

Filta imeshikwa na boliti chache chini ya valvu bodi. Itoe, iweke juu ya meza pembeni ya mpya, ulinganishe mambo matatu: kimo, mdomo wa kunyonyea, na mahali pa oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia. Baadhi ya filta za kuiga zina mdomo uliopindika kidogo au oringi nyembamba. Filta isiyokaa vizuri inanyonya hewa, na dalili zake ni mvumo kama wa nyuki na gia kuchelewa kuingia gari likiwa la baridi. Filta ya wavu wa chuma inaoshwa na kurudishwa. Iliyo na kitambaa kizito ndani ya kasha haioshwi. Petroli haitoi uchafu ulioshika katikati ya nyuzi. Kama ya dukani haifanani na ya zamani, irudishe. Ni heri kufunga ya asili iliyo safi kuliko mpya isiyokaa. Sehemu za asili za Toyota, namba ya filta huanza na 35330, ya gasketi na 35168. Mpe muuzaji namba kamili ya chesi, si jina la gari tu.

Gasketi ifungwe kavu. Silikoni, gundi ya kuzibia, haitakiwi kabisa: ikibanwa hufura kwa ndani, inakatika vipande, na filta mpya inavinyonya vyote. Safisha kingo zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha sumaku mahali pake, kisha kaza boliti kwa msalaba, kutoka katikati kwenda pembeni, mizunguko miwili au mitatu. Nguvu yake ni ndogo sana, Nm 5 hadi 8. Asiye na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ashike spana fupi kwa vidole na aishie pale inapoanza kukataa. Uvujaji mwingi wa sampu baada ya kazi hii unatokana na kukaza mno: mdomo wa sampu unapinda, gasketi inachomoza pembeni, au nyuzi za alumini zinang'oka. Nati ya kumwagia ipewe washa mpya.

Kujaza kunafanyika kupitia bomba la stiki, kwa faneli yenye mrija mrefu. Anza na kiasi pungufu kidogo ya ulichopima kwenye chupa. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L na kurudi. Endesha mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80, kama safari ya Mwenge hadi Tegeta bila haraka. Rudi kwenye sakafu iliyo sawa, injini ikiunguruma katika P, chomoa stiki, ifute, irudishe, isome upande wa HOT. Ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa mara. Kujaza kupita kiasi kunaleta povu, na oili yenye povu haina presha. Kusoma oili ikiwa baridi kwa alama za moto ndiko kunakowafanya wengi wajaze mno.

Kopo moja litabakisha kiasi kidogo. Kwa gari ambalo historia yake huijui, rudia kumwaga kwa nati tu baada ya kilomita elfu moja au mbili, bila kufungua sampu. Kila kumwaga kunabadilisha karibu nusu, hivyo mara ya pili inakufikisha karibu robo tatu ya oili mpya. Kwa foleni za barabara za Mandela na Morogoro, ambako konveta inachemka gari likiwa limesimama, tunashauri seti hii kila kilomita 40,000.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Maji ya mvua yataipeleka hadi baharini. Iache kwenye zile chupa za maji, kaza vifuniko, uipeleke gereji inayokusanya.