Kliniki ya mifupa ya watoto, Moshi mjini: nawapa nyota nne

Nyota ya tano nimeizuia sababu ya foleni, mtoto ana hogo mguu mzima halafu anakalishwa kwenye benchi la mbao toka asubuhi mpaka saa saba mchana, hapana jamani, hilo warekebishe.

Ila daktari wao, aisee, huyu mama apewe maua yake. Nilimsindikiza wifi yangu na mwanae, mtoto kashavunjika paja, kashavunjika mkono, na wala hajaanguka kwa maana ya kuanguka. Hospitali ya kwanza (sio hapa) walimhoji wifi kama anampiga, akatoka analia, na nesi mmoja akasema mifupa ya hivyo ni ugonjwa wa wazungu. Huyu daktari kamwangalia mtoto macho, ule weupe umeingia ubluu, akaanza kuuliza ukoo kwa ukoo, kwa wifi Wameru na kwetu Wamachame, nani alikuwa anavunjikavunjika, nani masikio yalianza kuziba mapema. Ndo akatuambia inaitwa osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mifupa kuvunjika kirahisi, na ipo kwa watu wote duniani, kama mtoto 1 kwenye kila 15,000 mpaka 20,000 wanaozaliwa.

Kinachotofautiana sana ni aina. Wagonjwa wengi wana hitilafu kwenye kinasaba cha kolajeni, ile protini inayoipa mifupa uimara, na nakala moja tu mbovu inatosha, mzazi mwenye nayo kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, na saa nyingine inaanzia kwa mtoto mwenyewe. Sasa Ghana na Nigeria kuna aina kali sana ambayo karibu asilimia 1.5 ya watu wanabeba kinasaba chake na ni wazima kabisa, wawili wakioana ndo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, na Wamarekani weusi wanacho pia, kama asilimia 0.4, kilivushwa bahari na biashara ya utumwa. Afrika Kusini kwa weusi kuna kinasaba kingine tena, kinaitwa FKBP10, nacho kinaleta aina kali. Halafu mtu anakwambia ugonjwa wa wazungu!

Wifi alitaka kujua kama azae tena, na daktari hakumpa maneno matamu, alisema bila kipimo cha vinasaba hawezi kumwambia ni nusu au robo, na sampuli inapelekwa nje, hela ndefu. Dripu ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa wameshamuanzishia. Na kamwandikia barua ya kutembea nayo, mtoto akivunjika tena popote asihojiwe kama mhalifu.

Mkienda bebeni eksirei zote za zamani, na aje mtu wa upande wa baba na wa mama, maswali ya ukoo ni mengi.