Baiskeli ya mbio ya zamani: ipi inauzika Dodoma, na kwa kiasi gani

Dalali akikuambia "hii ya mwaka sabini, mali ya Mzungu", usiingize mkono mfukoni. Uzee peke yake hauongezi shilingi. Dodoma bei ya baiskeli ya mbio huamuliwa na fundi wa chini ya mti: akiwa na spea zake, utaiuza, asipokuwa nazo, utaanikia nguo.

Nafasi ya kwanza naipa ya Kijapani ya chuma, ya mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ya 1980: Miyata, Fuji, Bridgestone. Hesi zake (nyuzi za skrubu) kwa kawaida zinaingiliana na za baiskeli za Kiingereza, na nyingi zina gia za Shimano. Geuza mkono wa gia wa nyuma (ule unaohamisha cheni), tafuta herufi mbili zilizogongwa upande wa ndani. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, twende hivyo hivyo (zilianza upya 2002). Ukikuta H, hiyo ni 1983, na dalali wa "mwaka sabini" atacheka mwenyewe.

Ya pili ni Raleigh ya Nottingham yenye fremu ya Reynolds 531, yaani mabomba mepesi ya chuma ya Kiingereza. Nyepesi, tamu, ila wanaoijua hapa mjini ni wachache, kwa hiyo utamsubiri mteja. Stika ya 531 hubandikwa na yeyote. Wewe pima nguzo ya siti. Kipenyo cha milimita 27.2 ni dalili njema kuwa ni 531 kweli. Angalia na ringi: nyingi za zamani ni inchi 27, yaani milimita 630, wakati saizi nyingine ya mbio, 700C, ni 622. Milimita 8 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine.

Ya tatu, ya Kifaransa. Nilinunua moja Majengo, nzuri ajabu, nikashindwa kupata bakuli za ekseli ya pedali, maana hesi za baiskeli za Kifaransa za zamani ni za peke yake. Miezi minne ukutani. Niliiuza kwa hasara.

Ukitaka hela ya haraka, achana na mbio zote ununue Phoenix, ile ya Kichina ya mizigo. Si ya mashindano, lakini ukiifikisha Bahi haitalala: ndiyo inayobeba maji na magunia.

Sasa hesabu. Anza na bei ya baiskeli kama hiyo ikiwa tayari kuendeshwa, kisha rudi nyuma. Tuseme 250,000. Toa tairi na tyubu 60,000, cheni na waya za breki 25,000, fundi 15,000, inabaki 150,000. Toa faida yako 40,000: usilipe zaidi ya 110,000. Namba hizi ni za mfano, bei za spea kaulize mwenyewe. Tairi usizifanyie ubahili. Miiba ya migunga haina huruma na tairi nyembamba, weka pana kadiri fremu inavyoruhusu.

Iliyokaa Dodoma miaka yote huwa na kutu kidogo kuliko iliyotoka Tanga au Dar, kwenye chumvi ya bahari. Rangi mpya inaficha, kwa hiyo ilaze, chungulia chini ya ekseli ya pedali, kisha legeza nati uvute nguzo ya siti. Ikigoma kutoka, punguza theluthi ya bei au ondoka.