Shahada ya uhasibu na biashara Mombasa: NHIF ilikufa, darasani bado inakata watu mshahara

Sh50,000 za mshahara, toa NSSF (akiba ya uzeeni) Sh200, toa NHIF (bima ya afya) Sh1,200, piga PAYE (kodi ya mshahara), mpe mfanyakazi Sh41,456.65. Hivyo ndivyo muhula uliopita tulivyofundishwa kutengeneza orodha ya mishahara katika chuo kimoja cha hapa mjini ambacho mabango yake yanaapa kwamba ukimaliza unaingia ofisini moja kwa moja. Kujumlisha na kutoa hapo ni sahihi. Sheria ndiyo ya kale. NSSF ya shilingi mia mbili iliisha Februari 2023. NHIF iliondoka Oktoba 2024, ikaja SHIF, bima mpya ya afya. Ushuru wa nyumba za bei nafuu, ule unaokatwa mshahara, haumo kwenye noti hata kwa jina.

Nilipouliza, tena kwa adabu, jibu lilikuwa hili: "Wewe umekuja kusoma ama umekuja kunifundisha? Fuata noti." Nikaenda ofisi ya idara. Karani hakuinua hata kichwa: "Mtaala umepitishwa hivyo, dada yangu. Ukiona haukufai, mlango uko wazi."

Basi niweke hesabu hapa, maana darasani haikuwekwa. Mshahara ni uleule, Sh50,000 kabla ya makato. NSSF ni asilimia 6, Sh3,000. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, Sh1,375, na haishuki chini ya Sh300. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, Sh750. Tangu mwisho wa Desemba 2024 yote matatu hutolewa KABLA ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni Sh44,875. Sh24,000 za kwanza ni asilimia 10, unapata Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata ni asilimia 25, Sh2,083.25. Zilizobaki, Sh12,542, ni asilimia 30, Sh3,762.60. Jumla Sh8,245.85, ondoa nafuu ya kila mtu ya Sh2,400 na PAYE inabaki Sh5,845.85. Mkononi anapata Sh39,029.15.

Tofauti na noti ni Sh2,427.50 kwa mtu mmoja, mwezi mmoja. Hoteli ya Nyali yenye wafanyakazi arobaini wa mshahara huo itakuwa imelipa Sh97,100 zaidi ya inavyopaswa. Na usidhani ni kuipunja serikali tu: PAYE ya noti imezidi kwa Sh1,297.50, huku NSSF ya mfanyakazi ikipungua kwa Sh2,800. Mwajiri naye anatakiwa aongeze Sh3,000 zake za NSSF na Sh750 za nyumba, na mambo hayo noti haziyajui. PAYE, SHIF na NSSF zinadaiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mhitimu wetu atagundua kosa lake tarehe 10, mbele ya bosi.

Ni kama kumpa makanga nauli za mwaka juzi kisha umpandishe matatu ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Kuna mtego mwingine ambao mwalimu anayejua kazi angeutaja dakika ya kwanza. Zamani NHIF ilikuwa na nafuu ya asilimia 15, iliyopunguzwa kwenye kodi baada ya kupigwa. Kwa SHIF nafuu hiyo haipo, yenyewe sasa inatolewa juu kabla ya kodi. Jedwali nyingi za Excel zinazozunguka kwenye simu za wanafunzi zimechanganya: zinatoa SHIF kabla ya kodi, halafu chini zinatoa tena asilimia 15 yake. Mfanyakazi anapata nafuu mara mbili, kodi inapungua, na KRA, mamlaka ya kodi, wakija deni ni la mwajiri. Ukifungua jedwali la namna hiyo, nenda moja kwa moja kwenye fomula ya PAYE uangalie kama kuna 0.15 ya SHIF imejificha humo. Ikiwepo, futa.

Ile hoja ya mtaala nayo haisimami. Mtaala unataja mada, makato ya kisheria. Viwango vinatoka kwenye sheria, na sheria hubadilika bila kusubiri chuo. Nikubali kwamba wahadhiri wengi hulipwa kwa saa, wanakimbia kutoka chuo hiki hadi kile, na noti wanazirithi kama zilivyo. Hilo naliona. Lakini kubadilisha namba tatu kwenye ukurasa mmoja hakuhitaji kikao cha seneti.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Anayefundisha uwekaji hesabu mwaka wa kwanza ni hazina, na kwa ajili yake ningewapa nyota nne bila kusita. Usuluhishi wa hesabu za benki anaufundisha kwa stetimenti yenye mapengo ya kweli: hundi ambayo haijapelekwa benki, ada ambazo benki imekata kimyakimya, na mauzo ya M-Pesa yaliyoandikwa daftarini Sh10,000 ilhali benki imefikiwa na pungufu kwa sababu ada ya tili imeshakatwa. Unaandika mauzo yote, kisha ada peke yake kama gharama. Huandiki kile kilichobaki ukakiita mauzo. Kwake pia ndiko utajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza shuku tarakimu zilizopinduka, 5,400 imeandikwa 4,500. Isipogawanyika, igawe kwa mbili, utafute kiasi hicho kilichoingizwa upande usio wake. Hii ndiyo kazi. Mtu akitoka hapo anaweza kuketi kwenye ofisi yoyote ya Moi Avenue.

Gharama za uzalishaji, sawa tu. Sheria ya biashara inasomwa kwa kukariri. Bandari iko pale Kilindini, kazi nyingi za uhasibu mjini ni za mawakala wa forodha, lakini hakuna aliyetueleza kwamba ushuru unaoulipa kwa niaba ya mteja si mauzo yako, na kwamba VAT ya asilimia 16 unaitoza kwenye ada yako ya uwakala. Na wale wa ofisi ya usajili wanaoahidi kwamba shahada yao "inakusamehe CPA": msamaha wa mitihani hiyo ya wahasibu wa kitaaluma hutolewa na KASNEB yenyewe, bodi inayoitunga, karatasi kwa karatasi, unaomba na unalipia. Chuo hakina mamlaka ya kuahidi.

Nyota nne nilizozitaja, basi, ziwe tatu. Nilikuwa naelekea kuishia hapo, mpaka nikaitazama tena karatasi yangu ya jaribio la katikati ya muhula. Swali la mishahara, alama ishirini. Waliojibu kwa NHIF wamepata. Waliojibu kwa SHIF wamepigwa msalaba mwekundu juu ya 1,375, na pembeni pameandikwa "umetoa wapi?" Atakayeanguka somo atalipa ada ya kurudia, alipie tena noti zilezile. Kwa hiyo ni mbili. Nyota mbili, na ya pili ni ya yule wa mwaka wa kwanza peke yake.

Ukitaka kujiunga na chuo chochote cha aina hii, kabla hujalipa hata ada ya fomu, omba kuona ukurasa wa mishahara katika noti za somo la kodi. Si brosha, noti. Tafuta SHIF, tafuta asilimia 1.5 ya nyumba, kisha uangalie kama zimetolewa kabla ya kodi au baada. Wakikwambia noti ni za wanafunzi waliosajiliwa tu, waulize kwa mdomo NSSF ya mtu wa Sh50,000 ni ngapi, na usiongeze neno mpaka wajibu.