Kuletewa peleti kwa boza: uzoefu wangu, pamoja na makosa yangu

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoizuia, nusu yake ni halali yangu, kwa sababu lori lililogeuza na mzigo mara ya kwanza liligeuzwa na mti wangu.

Tunaishi kijijini huku Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwenye nyumba ya wakwe zangu. Ni nyumba kubwa, kuukuu, na kwa miaka mingi ilipashwa joto kwa mafuta. Matangi yalipotolewa kule chini, chumba chake kiligeuzwa stoo ya peleti. Kwa asiyezijua, peleti ni maranda yaliyokaushwa na kushindiliwa mpaka yakawa vijiti vyenye unene wa milimita 6, vigumu, vinavyong'aa kidogo. Mama aliponipigia kutoka Tanga nikamweleza, alicheka sana. "Kwa hiyo mwanangu umekwenda Ulaya kukokea moto wa maranda." Nikamwambia, "Ndiyo mama, ila haya yanapimwa kwa tani."

Mwanzoni tulinunua za mifuko. Mfuko mmoja kilo 15, mifuko 66 juu ya paleti moja, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo. (Naam, peleti huja juu ya paleti, mume wangu akijaribu kulisema hilo kwa Kiswahili tunacheka wote.) Nyumba yetu hula karibu tani 6 kwa mwaka, ambazo ni kama lita 3,000 za mafuta. Piga hesabu: mifuko 400 ya kushusha ngazi kwa mgongo. Baba mkwe ana miaka sabini na ushei. Tukaamua kuagiza za kupuliza.

Zinavyokuja ni hivi. Boza linasimama karibu na nyumba, dereva anavuta mpira mnene na kuufunga kwenye mdomo wa bomba ukutani, kisha hewa inazisukuma peleti mpaka stoo. Mdomo wa pili, pembeni yake, unafungwa mashine ya kunyonya hewa na vumbi, maana hewa inayoingia lazima itoke. Koki zenyewe ni za chuma, milimita 110, kama zile za zimamoto.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la vipimo. Niliambiwa mpira ni mita 30. Nikahesabu hatua toka geti hadi ukutani, nikaona ishirini na mbili, nikaridhika. Sikukumbuka kwamba mpira haupiti ndani ya kuta: unazunguka kona, unakwepa banda la kuni, unashuka vidaraja vitatu. Halafu lori lenyewe lina kimo kinachokaribia mita 4, na mjozi wetu ulikuwa umelaza tawi juu ya njia. Dereva alishuka, akalitazama tawi, akaitazama gari ya jirani iliyoegeshwa mkabala, akasema kwa upole kwamba haingii. Kutoka barabarani mpira haukufika. Akaondoka na tani zetu 6, na baadaye ikaja ankara ya safari ya bure.

Hapo ndipo penye ile nusu nyingine ya nyota. Kampuni, ambayo sitaitaja, iliniuliza anwani na idadi ya tani, basi. Haikuuliza upana wa njia, wala kimo, wala picha moja ya simu. Mteja mgeni atayajuaje hayo? Tulikaa karibu wiki mbili tukivaa masweta na kununua mifuko ya dharura dukani, ilhali Oktoba huku si ya mchezo.

Kabla ya safari ya pili tulikata tawi na kupima kwa kamba, tukiilaza chini kila mahali mpira utakapopita. Mita 29. Baba mkwe akasema ingefika, lakini afadhali tuhamishe banda. Alikuwa sahihi, na sababu yake ataielewa yeyote aliyewahi kununua gunia la mkaa: chenga. Kadiri mpira unavyorefuka na kupindapinda, ndivyo peleti zinavyogongana njiani na kuvunjika. Boila, yaani tanuri linalopasha nyumba joto, halipendi chenga. Zinajikusanya chini, parafujo inayolisha moto inakwama, na kawaida inakwama usiku. Tulipohamisha banda tukabaki na mita 21.

Kwa sababu hiyo hiyo stoo ina mkeka wa mpira unaoning'inia mkabala na bomba, ili peleti zitue hapo badala ya kupiga ukuta na kusagika. Nilimulika tochi nikakuta ndoano moja imechomoka na mkeka umejikunja kama chapati. Ulihitaji ndoano mpya ya bei ya soda, lakini usipochungulia kabla, hutajua mpaka unga umejaa stoo nzima.

Nilichungulia, nasema, sikuingia. Naomba hapa nitulie kidogo. Sisi tuliokulia kwenye majiko ya mkaa tunaujua ule msiba wa familia iliyolala na jiko ndani, milango imefungwa. Gesi ile ile, kaboni monoksidi, hutoka kwenye peleti hata kama hakuna moto wowote. Mafuta ya asili ya mti yanapokutana na hewa ndiyo yanayoitoa, na wiki za mwanzo baada ya kuletewa mzigo mpya ndizo mbaya zaidi. Haina harufu. Watu wamekufa ndani ya stoo za namna hii, Ujerumani na Uswisi. Kwa hiyo vifuniko vya mabomba yetu ni vile vyenye matundu ya hewa, na siku ya kufagia chenga za zamani mlango uliachwa wazi muda mrefu kwanza, mume wangu akaingia na kipimo cha gesi kifuani, mimi nikasimama mlangoni. Fundi anayefunga stoo na asikuelekeze hili, mrudishe.

Siku yenyewe tulizima boila saa moja kabla, kama mwongozo wake unavyotaka. Mashine ya kunyonya inaweza kuvuta moto urudi nyuma kuelekea kwenye peleti. Dereva aliuliza hilo kabla hata ya kusalimia vizuri, akanipa karatasi ya kusaini. Huyu alikuwa hodari kweli.

Kisha akaomba soketi. Nikampa ya chumba cha kufulia, na mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Tani ya pili hivi, fyuzi ikakatika. Mnyonyo ukafa lakini hewa ikaendelea kusukumwa kwa sekunde kadhaa kabla dereva hajaifunga, na sekunde hizo zilitosha. Vumbi lilipenya chini ya mlango wa stoo kama mvuke wa wali unapofunuliwa, likatua juu ya shuka zangu sita zilizoanikwa korido. Zikawa rangi ya ugali wa dona. Dereva akatazama shuka, akanitazama mimi, akauliza kwa utaratibu kama kuna soketi nyingine.

Ipo. Ya jikoni. Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri, kwa sauti kama mchele unaomwagwa juu ya bati bila kukoma, na chini ya saa moja kila kitu kilikuwa kimekwisha. Uzuri mwingine ni kwamba mzani umo ndani ya lori na kilo zinachapwa kwenye risiti, hakuna habari ya lumbesa wala debe lililobonyezwa kitako. Kwenye risiti hiyo pia natafuta ENplus A1, ambayo ni alama ya ubora wa peleti, na namba ya msambazaji. Bila hiyo siwezi kudai kitu chenga zikizidi.

Kuhusu bei siwezi kukuahidi. Mwaka 2022 tani ilipita euro 700 wakati mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya 300, kwa hiyo yeyote anayekuambia kuni hazipandi bei hakuwa huku. Kwa kawaida kiangazi huwa nafuu kuliko vuli.

Nimeshaagiza tena kwa kampuni ile ile, tani 6, Juni, asubuhi. Safari hii niliwatumia picha nne kabla hawajaniuliza, na jirani ameahidi kuegesha gari kanisani. Shuka nitazianua usiku wa kuamkia siku hiyo.