"Entertainment!" ya Gang of Four: gitaa linalokataa kuimba

Albamu ya kwanza ya Gang of Four, bendi ya vijana wanne iliyoanzia Leeds, ilitoka Septemba 1979, miezi michache tu baada ya Margaret Thatcher kushika serikali ya Uingereza. Ina nyimbo 12 za takribani dakika 40, na jina lake, lenye maana ya burudani, limewekewa alama ya mshangao ambayo ni kejeli tupu. Hata hivyo, ni albamu ya kuchezeka, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Msikilizaji aliyelelewa na gitaa la solo la muziki wa dansi, linalotiririka hadi wachezaji wakasahau kukaa, atashangazwa na Andy Gill. Gitaa lake halitiririki. Linakata kwa sauti kavu isiyo na mwangwi, kama mtu anayepasua kuni, kisha linanyamaza ghafla na kuacha pengo ambalo bendi nyingine ingeharakisha kulijaza. Mzigo wa wimbo unabebwa na besi ya Dave Allen na dramu za Hugo Burnham, ambazo zimeuchukua mdundo wa fanki ya Wamarekani weusi na kuuondolea raha yake yote, ukabaki mkazo mtupu. Sikiliza "Not Great Men", wimbo unaopinga historia inayosimuliwa kama kazi ya wakubwa wachache: hata katika muziki wenyewe hakuna mkubwa, kwa kuwa kila chombo kina nafasi sawa na hakuna anayepewa dakika ya kujionyesha.

Ufundi huo unaonekana mapema, katika "Ether" inayofungua albamu. Tumezoea kwamba waitikiaji humuunga mkono kiongozi wa wimbo. Hapa Jon King anaimba kuhusu maisha ya starehe ya nyumbani, na sauti inayomwitikia inamletea habari asizotaka kuzisikia, za wafungwa wa gereza la Long Kesh huko Ireland ya Kaskazini. Wawili hao hawasikilizani hata kidogo. Sijasikia hoja ya kisiasa iliyojengwa vizuri zaidi kwa njia ya kiitikio.

Kasoro zipo. Sauti ya King ni ya mtu anayesoma tangazo, na katika upande wa pili wa santuri, hasa kwenye "Glass", mbinu ileile inaanza kuchosha. Wapo pia watakaouliza, na wana haki, inakuwaje wakosoaji wa biashara wakatoa kazi yao kupitia EMI, kampuni kubwa ya santuri. Sina jibu zuri, ila hawakuwa watu wa kukubali kila kitu: walipoalikwa na BBC kupiga "At Home He's a Tourist" katika Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni, wakatakiwa kubadilisha neno moja linalogusa kondomu, waliondoka bila kupiga, na nafasi ya kuuza santuri nyingi ikaondoka nao.

Upande huo wa pili unaokolewa na nyimbo mbili za mwisho. "5.45" inamweka mtu mezani akitazama vita kwenye taarifa ya habari huku chakula chake kikimngoja, na melodika, kinanda kidogo cha kupuliza, inayolia nyuma yake inatia huzuni kuliko maneno. Kisha inakuja "Anthrax", ambayo kwa muda mrefu ni gitaa linalopiga kelele peke yake kabla besi na dramu hazijaingia. King analalamika kwamba mapenzi ni maradhi. Wakati huohuo Gill, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, anajiuliza kwa nini bendi nyingi huimba mapenzi. Mara ya kwanza fuata sauti moja, mara ya pili fuata nyingine, kwa maana kuzishika zote mbili kwa pamoja haiwezekani.

Toleo la CD la 1995 limeongezewa nyimbo za santuri fupi ya 1980. Si mbaya, lakini ninashauri uzime baada ya "Anthrax".